Pasheni Inayochanua Bila Kuzaa

Akina mama wengi wa Kigoma na Ujiji hutamani kuwa na mzabibu uani, kama ile ya Dodoma. Lakini mzabibu hupenda ukavu. Huku kwetu kando ya Ziwa Tanganyika mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na unyevu huo huleta ukungu kwenye majani na vichala. Mmea wa kutambaa unaotufaa zaidi ni pasheni. Ya zambarau iache kwa ndugu zetu wa milima ya Kasulu, penye ubaridi. Hapa kwenye joto panda ya njano.

Taabu yake ni moja. Mama hupanda mche mmoja, akaujengea kichanja, ukapanda mpaka paani na kuchanua vizuri, kisha maua yote yakapukutika. Majirani husema mmea ni dume. Wengine husema umepatwa na kijicho. Mwisho panga huletwa.

Mpenzi msomaji, usiukate! Pasheni ya njano kwa kawaida haizai kwa chavua yake yenyewe, yaani ule unga wa ua. Huhitaji chavua ya mmea mwingine uliotokana na mbegu nyingine. Kipandikizi kilichokatwa kwenye mmea uleule hakisaidii kitu. Katika Luka 13 yule mtunza shamba aliuombea mtini usiozaa mwaka mmoja zaidi ili autie samadi. Pasheni yako inaomba jirani.

Kwa hiyo omba matunda yaliyoiva kutoka nyumba mbili tofauti, uoteshe mbegu zake kwenye makopo. Mvua zikianza, panda miche miwili au mitatu, mita 3 kati ya mmoja na mwingine, kwenye mashimo yenye samadi iliyooza. Kiangazi mwagilia. Matunda ya kwanza hupatikana baada ya mwaka mmoja hivi.

Wanaobeba chavua hasa ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Watoto huwaua kwa woga; wakataze. Kama hawafiki kwako, subiri maua yafunguke, karibu saa sita mchana. Chukua chavua kwa kidole kwenye mmea mmoja, uipake juu ya vile vichwa vitatu vya katikati ya ua la mmea wa pili. Hata mtoto wa darasa la tatu aweza, na wangu hugombania kazi hiyo.

Tunda likiiva huanguka lenyewe. Okota kila asubuhi. Kwa juisi, komba nyama kwa kijiko, kologa na maji yaliyochemshwa na kupoa, chuja, utie sukari kidogo. Usitwange mbegu, maana zikivunjika huharibu ladha. Na tunda lililonyauka ganda usilitupe, kwa kuwa ndani ni tamu kuliko lile linalong'aa.