Maharage ya Jioni na Gharama ya Mvuke

Saa kumi jioni, vichochoro vya Mbagala na Manzese vinanukia maharage. Jiko liko uani, sufuria inatokota kwa kishindo, na mpishi anaamini alichorithi kwa mama yake: maji yakiruka sana, chakula kitaiva upesi. Saa mbili baadaye anamtuma mtoto akanunue mkaa mwingine.

Imani hiyo inakula pesa ya familia, na msitu pamoja nayo. Ukizungumzia kutunza mazingira nyumbani, wengi hufikiria vitu vya kununua: mtungi wa gesi, sola, jiko jipya. Kwa nyumba inayonunua mkaa kwa kisado, siku kwa siku, ushauri huo haubebeki. Lakini akiba ya kwanza ya jikoni hainunuliwi dukani. Inaanza kwa kuelewa maji yanavyochemka.

Dar es Salaam, iliyo usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Yakishafika hapo, hata ukijaza mkaa jiko zima, hayapandi zaidi. Moto wa ziada unabaki na kazi moja tu, kugeuza maji kuwa mvuke, na kazi hiyo ni ghali. Kukausha lita moja ya maji yanayochemka kunahitaji joto karibu mara 7 ya lile lililotumika kuyachemsha kutoka yalipotoka bombani. Kila unapoongeza kikombe cha maji kwenye maharage yaliyokaukiwa, jua kwamba kikombe kilichotangulia ulikilipia mkaa kikapaa hewani.

Kwa hiyo, maharage yakishachemka, funika sufuria na ufunge kile kimlango cha chini cha jiko. Mapovu machache yanayopanda taratibu yana joto lile lile la maji yanayoruka. Wanaofunikia mfuko wa nailoni waache, maana plastiki haikutengenezwa kukaa juu ya chakula kinachochemka. Jani la mgomba chini ya mfuniko linatosha.

Hatua ya pili hufanyika usiku. Maharage yaliyolowekwa kwa saa 8 au zaidi yameshanywa maji bila moto, na muda wa kuyapika unapungua sana. Asubuhi mwaga maji hayo na upike kwa mapya. Sokoni nako uliza ni ya msimu gani, kwa sababu maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu, kwenye joto na unyevu, huwa sugu hata ukiyaloweka. Magadi huyalainisha kweli, ila hupunguza vitamini B1, basi yasiwe mazoea.

Hatua ya tatu ni kapu. Chukua kapu kubwa au boksi, lijaze sufi, pamba au nguo kuukuu pande zote, uache shimo la kutosha sufuria. Maharage yaliyolowekwa yachemshe kwa nguvu kwa nusu saa, kisha tia sufuria ndani ya kapu ikiwa imefunikwa na bado inatokota. Ifunike kwa mto mzito, usifungue kwa saa 3 au 4. Chakula kitaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe, bila moto na bila mtu wa kukichunga.

Hapo nisisitize jambo moja. Ile nusu saa usiikate. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha, nayo haiondoki kwa joto la uvuguvugu. Inahitaji kuchemka hasa. Na usilaze chakula kapuni hadi asubuhi, kwa sababu kikipoa polepole vijidudu hupata nafasi. Kitoe, kichemshe tena, mle.

Baada ya hatua hizo tatu ndipo ufikirie kununua. Kwa mtumiaji wa mkaa, kitu cha kwanza ni jiko lenye kuta za udongo ndani. Mfano unaojulikana zaidi ulienea kutoka Kenya miaka ya 1980, ukitokana na majiko ya ndoo ya Thailand. Udongo huzuia joto lisipotelee pembeni kama linavyopotea kwenye jiko la bati tupu. Na akiba hiyo inafika mbali kuliko mfuko wako: kwenye matanuri ya kienyeji ya udongo, kilo moja ya mkaa hutokana na kilo 5 hadi 10 za kuni. Jiko lolote la mkaa liwe nje au penye hewa ya kutosha. Gesi yake ya sumu haina harufu.

Kama nyumba ina umeme, jiko la umeme la presha linastahili kuchangiwa hata kwa mchezo wa upatu. Presha hupandisha maji hadi zaidi ya nyuzi 110, na ndiyo maana maharage huiva kwa sehemu ndogo tu ya muda wa kawaida. Hesabu yake ni rahisi. Jiko la wati 1,000 likivuta umeme kwa nusu saa limetumia nusu uniti. Tazama bei ya uniti kwenye risiti yako ya LUKU, igawe kwa mbili, kisha linganisha na pesa ya visado ulivyochoma jana.

Serikali ya Tanzania, kupitia mkakati wake wa mwaka 2024, inalenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo jema, lakini watoto wako wanakula leo, na mtungi wa gesi hutaka pesa yote kwa mkupuo. Nishati ya bei nafuu kuliko zote ni ile ambayo hukuiwasha.

Usiku huu, kabla ya kulala, mpe mwanao kazi ya kupima nusu kilo ya maharage, kuyachambua na kuyaloweka. Kesho pikeni mkiwa mmefunika, kisha mhesabu pamoja mkaa uliobaki. Hesabu hiyo ataikumbuka kuliko hotuba yoyote kuhusu misitu.