Je, Wajua? Kura Zinazochagua Mji wa Michezo

Je, wajua kwamba mji wa Olimpiki ya mwaka 1968 ulikuwa uchaguliwe jijini Nairobi? Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, ilikuwa imepanga kufanyia mkutano wake wa Oktoba 1963 nchini Kenya, miezi miwili tu kabla ya uhuru. Kenya ikakataa kuwapokea wajumbe wa Afrika Kusini ya makaburu. Mkutano ukahamishiwa Baden-Baden, Ujerumani Magharibi. Nchi ambayo haikuwa hata na bendera yake iliona heri kuukosa ugeni mkubwa kuliko kuwakaribisha watetezi wa ubaguzi. Jambo hilo lastahili kufundishwa shuleni.

Je, wajua kilichoamuliwa huko Baden-Baden? Mexico City ilipata kura 30, Detroit 14, Lyon 12 na Buenos Aires 2. Shauri likaisha katika raundi ya kwanza, lakini mabishano ndiyo kwanza yakaanza. Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Madaktari na makocha wengi wa Ulaya walilalamika kwamba wakimbiaji wa masafa marefu wataishiwa pumzi.

Walioishiwa pumzi ni wale waliozoea tambarare. Naftali Temu alishinda mita 10,000 na kuipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Amos Biwott akachukua mbio za kuruka viunzi na maji. Kipchoge Keino, aliyekuwa akisumbuliwa na maumivu ya nyongo, akamwacha Jim Ryun wa Marekani mbali katika mita 1,500. Mtunisia Mohammed Gammoudi akashinda mita 5,000, na Mamo Wolde wa Ethiopia marathoni. Kwa wanaume, kila mbio kuanzia mita 1,500 hadi marathoni ilikwenda kwa Mwafrika. Ni katika marathoni hiyohiyo Mtanzania John Stephen Akhwari alipoanguka na kuumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea kuchechemea hadi kumaliza, saa moja na zaidi baada ya mshindi. Laiti Detroit ingeshinda kura, sidhani kama historia ya riadha yetu ingesomeka hivi.

Je, wajua kwamba kura moja iliwahi kuipeleka Olimpiki Australia? Mwaka 1949 Melbourne iliishinda Buenos Aires kwa kura 21 dhidi ya 20. Sheria za karantini za Australia zikazuia farasi wa kigeni kuingia, na mashindano ya farasi ya mwaka 1956 yakafanyika Stockholm, miezi kadhaa kabla ya michezo mingine.

Je, wajua kwamba Sydney iliipata Olimpiki ya 2000 kwa kura 45 dhidi ya 43 za Beijing?

Je, wajua kwamba rais wa Marekani aliyepo madarakani anaweza kuuombea mji wa nchi yake na ukatolewa wa kwanza? Oktoba 2009, Barack Obama alisafiri hadi Copenhagen kuipigia debe Chicago. Ikaambulia kura 18 na kutolewa raundi ya kwanza. Rio de Janeiro ndiyo iliyoshinda.

Je, wajua kwamba kuna mji uliopewa Olimpiki ukairudisha? Mwaka 1972 wapiga kura wa Colorado walikataa fedha za umma zisitumike kwa michezo ya majira ya baridi ya 1976 iliyokuwa imepewa Denver. Innsbruck ya Austria ikaichukua. Kwa maoni yangu wananchi wale walitumia haki yao ipasavyo, maana deni la mambo haya hukaa muda mrefu: Montreal, iliyoandaa michezo ya kiangazi mwaka huohuo, ilimaliza kulipa mwaka 2006.

Je, wajua kwamba Cape Town iliomba Olimpiki ya 2004? Katika kura za Lausanne mwaka 1997 ilishika nafasi ya tatu, nyuma ya Athens na Roma. Hadi sasa hakuna mji wa Afrika uliowahi kuandaa Olimpiki ya wakubwa, na hilo linaniuma.

Je, wajua jinsi Afrika Kusini ilivyolikosa Kombe la Dunia la 2006? Ujerumani kura 12, Afrika Kusini 11. Charles Dempsey, mjumbe wa Oceania aliyekuwa ameagizwa na shirikisho lake aiunge mkono Afrika Kusini, alijizuia kupiga kura. Angeipigia, kura zingefungana, na rais wa FIFA, Sepp Blatter, ndiye angekata shauri. Miaka minne baadaye Afrika Kusini iliishinda Morocco kwa kura 14 dhidi ya 10, ikapata Kombe la 2010.

Je, wajua kwamba Kenya iliwahi kupewa Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, la 1996 ikapokonywa, kisha CHAN ya 2018, michuano ya wachezaji wa ligi za ndani, nayo ikahamishiwa Morocco kwa sababu maandalizi yalisuasua? Kenya, Uganda na Tanzania zilipoomba pamoja, mambo yalibadilika: Septemba 2023, Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, lilizipa AFCON ya 2027.

Kwa ajili hiyo Nairobi unajengwa uwanja wa Talanta wa watu 60,000, na Arusha uwanja wa watu 30,000. Mabishano ya vijiweni sasa ni fainali ichezwe wapi. Wakenya wana hoja zao, na si ndogo. Lakini katika CHAN iliyochezwa katika nchi hizohizo tatu Agosti 2025, Dar es Salaam ilifungua dimba na fainali ikapigwa Kasarani, Nairobi, Morocco ikiifunga Madagascar 3-2. Haki ya majirani ni kupokezana. Ufunguzi wa AFCON uende Nairobi, Kampala ipewe nusu fainali, na fainali ichezwe kwa Mkapa, Dar es Salaam.