Chuma kinene si lazima kiwe na nguvu

Leo, wasomaji wangu, sitashughulika na mizani wala vina. Nataka kusema habari ya chuma, nacho nilikwenda kukiona mbali na bahari yetu, huko Sosiot, katika Belgut ya Kericho, ambako kilima juu ya kilima ni chai tupu na mvua ya alasiri ni mgeni asiyepiga hodi.

Kilichonipeleka huko ni mpwa wangu. Kijana huyu kazi yake ni kuchukua mizigo hapa Mombasa, naye alipata habari ya pikapu ya Land Rover inayouzwa Sosiot, ya ule mtindo wa tatu uliotengenezwa baina ya 1971 na 1985. Sisi watu wa Pwani hupenda magari ya bara kwa kuwa hayajaonja chumvi. "Mjomba," akaniambia, "chesisi yake ni nene, chuma cha zamani kile. Haivunjiki." Nikanyamaza. Hayo yalikuwa maneno ya muuzaji, yamehamia kinywani mwa mnunuzi.

Tulipofika tulimtafuta fundi wa kuchomea, mzee wa Kikipsigis. Tukaamkiana kwa "Chamgei", akatupa chai ya maziwa. Mpwa wangu alipomwambia kwamba anataka gari la chuma kinene, mzee alicheka. Akachukua ubao wa inchi 1 kwa 6, akaulaza juu ya mawe mawili, akamwambia kijana aukanyage katikati. Ubao ukabonyea. Akausimamisha kwa ubavu, akaushika ncha, akamwambia akanyage tena. Safari hii haukubonyea. "Ubao ni ule ule," akasema. "Unene haukuzidi hata chembe."

Jambo hili sisi tusingehitaji kufunzwa, kwani kila aliyewahi kuezeka nyumba analijua. Ubao wa inchi 1 kwa 6 ukisimama hubeba mara 6 ya mzigo unaoubeba ukiwa umelala, na kubonyea kwake hupungua mara 36. Bamba la chuma nalo ni hivyo. Ukizidisha unene wake mara mbili, nguvu huzidi mara mbili. Lakini ukizidisha kimo chake mara mbili, nguvu huzidi mara nne.

Chesisi, kwa asiyeijua, ni kama ngazi iliyolazwa chini ya gari: miti miwili mirefu ya chuma toka mbele hata nyuma, na vipande vya kukingama baina yake. Katika Land Rover, tangu ilipoanza mwaka 1948, miti hiyo ilifanywa kwa mabamba manne yaliyochomelewa yakawa sanduku refu. Wakati ule Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo sababu bodi ikafanywa kwa aluminiamu. Bamba la sanduku lenyewe ni la kiasi cha milimita 2 tu! Nguvu yake ni kimo, na kule kufungwa pande zote, kwani sanduku lililofungwa halisokoteki kwa urahisi. Malori mengi, kinyume chake, yana chesisi ya wazi mfano wa herufi C, iliyofungwa kwa ribiti, ili ipate kujinyonga kidogo katika njia mbovu bila kupasuka. Kila moja ina hekima yake.

Ila sanduku lina maradhi yake. Maji na matope yakiingia hukaa humo, na kutu hula toka ndani, huku nje rangi yang'aa. Kwetu ni chumvi. Sosiot ni mvua na udongo. Gari la bara, basi, si salama kwa kuwa ni la bara tu.

Fundi akaingia mvunguni na nyundo ndogo, akigonga na kusikiliza. Palipo pazima palilia; palipoliwa palijibu kwa sauti nzito. Nyuma ya kibanda cha dereva, mahali ambapo uzito wa mzigo hupinda chesisi, alikuta lami mbichi. Akaikwangua. Chini yake palikuwa na kiraka cha chuma kinene, kimechomelewa wima, na kando yake ufa mpya ukipanda toka ukingo wa chini.

"Kiraka ndicho kilichoipasua," akasema. Akatueleza kwamba kingo za juu na za chini ndizo zibebazo uzito mwingi, na katikati hubeba kidogo. Kwa hiyo tundu likitobolewa, litobolewe katikati. Ufa hutobolewa kwanza penye ncha yake ili usiendelee. Kiraka nacho hukatwa ncha za mshazari, ili nguvu ipite polepole toka chuma chembamba hadi kinene. Kikiwekwa wima, nguvu yote hukutana mstari mmoja, penye chuma kilichokwisha dhoofishwa na moto.

Nilikumbuka pikapu za abiria zilizoenea nchini baada ya matatu kuruhusiwa mwaka 1973, watu wamepandana juu ya magunia. Pikapu hii nayo, tuliambiwa, siku za soko huchukua watu. Aliyekaa juu ya gunia la viazi hawezi kuuona ufa ulio chini yake, wala lami haitamwambia.

Mpwa wangu hakununua. Mwenye gari alikasirika, na huenda yeye mwenyewe aliuziwa hivyo hivyo. Tukiwa njiani kurudi, kijana alinung'unika, "Mjomba, tumepoteza nauli." Nikamwambia nauli ya basi hulipika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kweli, lakini na kuziba kuna kujua. Anayekwenda kununua gari kuukuu asiishie kwenye rangi na mlango. Na apige magoti, achukue nyundo ndogo, asikilize chuma kinasema nini.