Mtoto Mmoja, Hesabu Mbili

Chukua mfano wa mama aliyeshindwa kulipa kodi ya nyumba huko St. Paul, Minnesota, akahamia na wanawe wawili sebuleni kwa dada yake. Je, hana makazi? Kwetu tungesema tu kwamba yuko kwa ndugu. Sheria ya Marekani ina majibu mawili, na hayafanani.

Sheria hiyo ni McKinney-Vento, ya kuwasaidia wasio na makazi, iliyotiwa saini na Ronald Reagan Julai 1987. Stewart McKinney, mbunge wa chama cha Republican kutoka Connecticut, alilala nje usiku mmoja wa Machi mwaka huo jijini Washington pamoja na wanaharakati. Alifariki Mei, kabla ya saini. Bruce Vento, Mdemokrati wa St. Paul hiyohiyo, jina lake liliongezwa kwenye sheria mwaka 2000, naye alipofariki.

Fedha za sheria hii zinazotolewa na Wizara ya Nyumba hupita njia mbili kuu. Fungu la kwanza hugawiwa majimbo na miji kwa kanuni maalumu, kwa ajili ya malazi ya dharura na kuwafuata watu huko huko mitaani wanakolala. La pili, ambalo ni kubwa zaidi, hushindaniwa: mashirika ya eneo moja hukaa pamoja, hupanga miradi yao kwa umuhimu, kisha hupeleka ombi la pamoja. Sheria haimpi mtu haki ya kudai nyumba. Fungu likiisha, watu hupanga foleni.

Na foleni ina mlango wake. Kwa Wizara ya Nyumba, asiye na makazi hasa ni anayelala nje, kwenye gari au katika malazi ya dharura. Mama yetu wa sebuleni hayumo, labda athibitishe kwamba dada yake anamtoa ndani ya siku 14 na hana pengine pa kwenda. Fikiria kumwomba dada yako aseme hivyo!

Lakini sehemu ya sheria hiyohiyo inayosimamiwa na Wizara ya Elimu inawatambua wanawe tangu siku ya kwanza. Shule lazima iwaandikishe papo hapo, hata bila cheti cha kuzaliwa wala uthibitisho wa anwani, au iwaache katika shule yao ya zamani na kuwapatia usafiri.

Ndiyo maana takwimu zinapishana. Hesabu ya Wizara ya Nyumba ya usiku mmoja wa Januari 2024 ilikuta watu 771,480 wasio na makazi, watoto wakiwa karibu 150,000. Shule, zinazohesabu mwaka mzima, huandikisha wanafunzi wasio na makazi zaidi ya milioni 1. Tofauti ya muda inaeleza sehemu ya pengo. Sehemu kubwa, kwa maoni yangu, imelala sebuleni.

Kwa hiyo usafiri wa shule utawafuata watoto hao kwa mama yao mkubwa kila asubuhi. Kwenye foleni ya nyumba, jina la mama yao bado halijaandikwa.