Kubadilisha Filta ya Dizeli

Ndugu mkulima wa Masalani, pengine trekta lako limewahi kuzimika katikati ya shamba kando ya Mto Tana, ingawa tangi lina mafuta. Usilaumu injini, tazama filta kwanza. Dizeli ya kubebwa kwenye mapipa katika njia zetu za mchanga huingia vumbi na maji, na pampu ya nozeli haivumilii hata chembe isiyoonekana kwa macho.

Zima injini, ipoe, ufunge koki ya tangi. Pangusa filta kwa nje kabla ya kushika spana; vumbi likidondoka ndani, heri ungeiacha filta ya zamani. Tia alama kwenye paipu: itokayo tangini na iendayo pampuni. Ukizibadilisha, mafuta yatapita kinyume. Weka filta mpya, mipira mipya na washa mpya za shaba, kwani zilizokwisha kubonyea huvuta hewa. Kaza kwa kiasi.

Hapa ndipo wengi hukosea: hupiga stata mpaka betri inakufa. Toa hewa kwanza! Fungua koki, legeza skrubu ya hewa juu ya filta, kisha piga pampu ya mkono. Yatatoka mapovu, endelea mpaka yatoke mafuta matupu, ukaze. Fanya vivyo hivyo kwenye pampu ya nozeli.

Injini ikizunguka, usitafute uvujaji wa paipu za nozeli kwa kidole. Mafuta yale hupenya ngozi, na jeraha lake, hata likiwa dogo kama la sindano, ni la kukimbiliwa hospitali siku ile ile.