Minara pekee haitoshi: Ubora wa simu hupimwaje?

Na Mwandishi Wetu, Songea

MFANYABIASHARA wa mahindi mjini Songea anaweza kupiga simu Dar es Salaam kuuliza bei, alama za mtandao zikiwa zimejaa, lakini sauti ikakatika kabla hawajaelewana. Muda wa maongezi umekwenda, biashara haikufanyika. Je, huduma hiyo ni bora?

Shirika la Mawasiliano Duniani (ITU) hutenganisha mambo mawili: ubora wa huduma unaopimwa kwa mitambo, na namna mtumiaji anavyoridhika au kukereka. Kwa mujibu wa pendekezo lake P.800 la mwaka 1996, wasikilizaji huipa sauti alama kuanzia 1, mbaya, hadi 5, nzuri sana.

Mapendekezo ya ITU si sheria. Kila nchi huweka kanuni zake, na Tanzania ilitunga kanuni za ubora wa huduma mwaka 2018, zikisimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Mteja mwenye malalamiko huanzia kwa mtoa huduma wake. Asiporidhika, huyafikisha TCRA. Ni vema aandike tarehe, saa na mahali simu ilipokatika, kwani mitambo ya kupimia haipo kila mtaa.