Mzee Atetemekaye na Hatari ya Kiharusi

Katika jamaa nyingi yuko mzee ambaye mkono wake hutetemeka hata akiwa ameketi bure. Atembea kwa hatua fupi fupi, uso wake haukunjuki tena, na sauti yake imefifia. Watoto humcheka, majirani hunong'ona habari za uchawi. Wote wamekosea. Huo ni ugonjwa, nao una jina.

Mwaka 1817 mganga James Parkinson wa London aliandika habari za wagonjwa sita wa namna hiyo. Baadaye mganga Charcot wa Paris aliuita ugonjwa huo kwa jina la Parkinson. Leo twajua kwamba ndani ya ubongo chembe fulani hufa pole pole, nazo ndizo zitoazo dopamini, isaidiayo kuongoza mwendo wa viungo. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyeizuru nchi yetu mwaka 1980 na tena 1985, aliuchukua ugonjwa huo mbele ya macho ya watu wote hata kufa kwake mwaka 2005.

Kiharusi ni kitu kingine. Hicho huja kama mwizi. Mshipa wa damu katika ubongo huziba au hupasuka, na chembe zikosazo damu huanza kufa kwa dakika chache tu. Adui mkubwa hapa ni msukumo mkubwa wa damu, ambao wengi huuita tansiyo.

Je, magonjwa haya mawili yana undugu? Waganga waliochunguza jambo hili hawakupata jibu moja: wengine waliona kwamba wenye Parkinson hupatwa na kiharusi kuliko wenzao, wengine hawakuona hivyo. Lakini hili ni hakika: viharusi vidogo vidogo, vipitavyo bila kujulikana, vyaweza kuudhuru ubongo hata mtu atembee kama mgonjwa wa Parkinson. Shida yake huonekana zaidi miguuni kuliko mikononi.

Hatari kubwa imo nyumbani mwetu. Tumekwisha kumzoea mzee kuwa mgonjwa. Usiku mmoja mdomo wake wapinda upande, mkono mmoja walegea, maneno yake hayaeleweki. Nasi twasema: «Ni ule ugonjwa wake wa zamani, tungoje asubuhi.» Kumbe, Parkinson haimgeuzi mtu hivyo kwa saa moja! Lijalo kwa ghafula tulidhanie kuwa kiharusi. Tusimpe chakula wala maji, asije akapaliwa. Tukumbuke saa dalili zilipoanza, tumpeleke hospitali upesi, na tumwambie mganga dawa anazotumia.

Kabla ya siku hiyo, tumpeleke mzee apimwe tansiyo, tupunguze chumvi chunguni, naye aache tumbako. Dawa zake za Parkinson zisikatwe ghafula bila shauri la mganga.

Nanyi wanafunzi, zishikeni alama hizi tatu: mdomo, mkono, maneno. Huenda mtoto aliyeketi karibu na babu yake ndiye atakayeziona wa kwanza.